Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Zamani televisheni ilikuwa chombo cha kutazamwa tu. Mwenye nyumba aliiwasha, akaona habari au mpira, kisha akaizima. Nayo haikujua ni nani aliyeketi mbele yake. Leo mambo yamegeuka. Televisheni janja, iliyounganishwa na intaneti, hutazamwa na watu, nayo pia huweza kuwatazama.

Chombo hiki huchukua vipande vidogo vya picha iliyo kiooni na kuvipeleka kwenye mitambo ya mbali, ambako hulinganishwa na vipindi vinavyojulikana. Hivyo hufahamika kilichotazamwa, saa yake na muda wake, hata kama picha yenyewe imetoka kwenye king'amuzi.

Ushahidi upo. Mwaka 2017, tume ya Serikali ya Marekani inayowalinda wanunuzi, pamoja na jimbo la New Jersey, ziliishtaki kampuni ya Vizio. Ilidaiwa kwamba tangu mwaka 2014 televisheni zake milioni 11 zilikuwa zikikusanya habari hizo, sekunde kwa sekunde, bila idhini ya wenyewe, nazo habari zikauzwa kwa wafanya biashara wengine. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri. Gawanya fedha hizo: ni senti 20 tu kwa kila televisheni. Kumbe siri ya nyumba ni bidhaa, na mwenye mali hapati hata ndururu!

Katika Afrika Mashariki, sheria za kulinda taarifa binafsi zimekwisha tungwa: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Hiyo ni ngao njema. Lakini sheria haiwezi kuingia sebuleni na kubonyeza kitufe kwa niaba ya mwananchi.

Kwa hiyo anayenunua televisheni ya namna hii asiharakishe kukubali kila anachoulizwa siku ya kuiwasha. Afungue sehemu ya mipangilio, azime utambuzi wa vipindi na matangazo yanayomlenga yeye, na azime kipaza sauti asichokitumia. Na ambaye king'amuzi chamtosha, aiache bila intaneti.

Mgeni hukaribishwa sebuleni kwa heshima. Lakini mgeni anayetangaza sokoni mambo ya mwenyeji wake hafai kuachiwa mlango wazi.