MTOTO APEWE NAFASI YA KUJARIBU

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, wazazi na walimu, Laiser Hill, Kajiado. Twayachapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa kazini siku hiyo wasiweze kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya shule, na jinsi ya kuwatia vijana wetu moyo wa kubuni mambo mapya na kusoma kwa faida. Huenda mtu akauliza: Chama cha wafanya kazi kina shughuli gani na mambo ya darasani? Jibu langu ni fupi. Mshahara wa mfanya kazi wa Kitengela na Kajiado, awe wa kiwanda cha saruji cha Athi River, au wa kushona nguo katika EPZ, au wa shamba la maua la Isinya, au awe mwalimu, hwenda mahali patatu: kodi ya nyumba, chakula, na shule. Tukidai nyongeza ya mshahara bila kuuliza ile fedha ya shule inanunua nini, tutakuwa twateka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Basi leo tuulize. Inanunua nini?

Mimi nina neno moja tu. Mtoto habuni kwa sababu ameambiwa abuni. Hubuni akiwa na mambo matatu: tatizo la kweli mbele yake, vitu vya kushika mkononi, na ruhusa ya kukosea. Mambo hayo matatu hayaji bure. Yana gharama yake, na ni haki yetu kuuliza ni nani atakayeilipa.

MFANO WA HAPA KWETU

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wengi wenu mmesikia habari za Richard Turere, kijana wa Kimasai wa hapa Kitengela, kando ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Mbuga ile ilianzishwa mwaka 1946, na upande wake wa kusini haukuzungushiwa ua. Usiku simba hutoka wakawafuata ng'ombe mazizini. Richard, kama watoto wengine wa kiume wa kwao, alipewa kazi ya kuwaangalia ng'ombe wa baba yake tangu akiwa mdogo. Simba wakila ng'ombe, hasara ni ya nyumba nzima. Na wenye hasara wakikasirika, huwaua simba.

Kijana huyu alijaribu kwanza kuwasha moto. Haukufaa. Moto uliwasaidia simba kuona vizuri zaidi ndani ya zizi. Akajaribu tena kwa sanamu ya mtu ya kuwatishia. Usiku wa kwanza simba waliiona wakarudi; usiku wa pili wakaona kwamba kitu kile hakisogei, wakaingia wakaua. Halafu usiku mmoja alikuwa akizunguka zizi na tochi mkononi, na simba hawakuja. Hapo akatambua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea.

Akakusanya vitu: betri kuukuu ya gari, kifaa cha pikipiki kinachofanya taa za kuonyesha kona ziwake na kuzimika, swichi, balbu za tochi mbovu, na sola ya kuijaza betri moto. Akaziweka taa zielekee nje, upande wanakotokea simba. Usiku kucha taa zikawaka na kuzimika kwa zamu, na simba akadhani kuna mtu anayetembea huku yeye Richard amelala. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11. Majirani wakamwomba awafungie na wao. Akapata nafasi ya kusoma shuleni Brookhouse, na mwaka 2013 alisimama Marekani mbele ya mkutano mkubwa wa TED akaeleza kazi yake.

Sasa tuyatazame mambo haya kwa makini. Kijana huyu alishindwa mara mbili. Katika madarasa mengi kushindwa mara mbili ni alama sifuri mara mbili, na wenzake wangemcheka. Lakini ile sanamu iliyoshindwa ndiyo iliyomfundisha kwamba simba hutofautisha kitu kinachosogea na kisichosogea. Bila ya kosa lile, ile tochi isingalimwambia neno.

Tena alijifunza umeme wapi? Alijifunza kwa kufungua vitu. Mwenyewe amesimulia kwamba aliwahi kuifungua redio mpya ya mama yake, na mama akakasirika sana. Mama alikuwa na haki, maana redio ni mali. Lakini hapo ndipo swali letu lilipo: Kwa nini mtoto hakuwa na redio mbovu ya kufungua, na mtu mzima wa kumwonyesha?

WASITUDANGANYE KWA MFANO HUU

Hapa yafaa nitoe onyo. Wapo watakaosema: Kama kijana huyu alibuni bila maabara, basi watoto wenu nao hawahitaji maabara. Hapana, ndugu zangu! Mtu mmoja kuvuka mto wakati wa mafuriko si sababu ya kukataa kujenga daraja. Tumemsikia Richard mmoja. Hatujui ni watoto wangapi wenye akili kama yake ambao hawakupata hata swichi moja ya kujaribia, na sasa wameacha kuuliza.

Tazameni pia shule ya Keriko, kule Njoro, katika kaunti ya Nakuru. Mwalimu wake wa hesabu na sayansi, Bruda Peter Tabichi, alipata Tuzo ya Mwalimu Bora wa Dunia mwaka 2019, yenye thamani ya dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Mwalimu yule alianzisha chama cha wanafunzi cha kukuza vipaji, akawaacha wachague wenyewe mambo ya kuchunguza, na akawapeleka kwenye mashindano ya sayansi. Baadhi yao walipata tuzo ya jumuiya ya wanakemia ya Uingereza kwa kutengeneza umeme kutokana na mimea ya kwao. Lakini ilijulikana pia kwamba mwalimu huyu alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake, asilimia 80, kuwasaidia wengine.

Sisi twamheshimu kwa moyo wake. Yeye ni mtawa, na ameishi kama alivyoahidi. Lakini chama cha wafanya kazi hakiwezi kusema kwamba elimu ya nchi ijengwe juu ya mshahara wa mwalimu. Mwalimu mwenye watoto wake nyumbani na kodi ya nyumba hawezi kutoa asilimia 80, wala hapaswi kuombwa.

TULIYOKWISHA KUYAONA

Wazee mliopo hapa mnakumbuka. Mwaka 1981 tume ya Mackay ilitoa shauri, na mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Tuliambiwa kwamba mtoto atajifunza kazi za mikono: useremala, kilimo, sayansi ya nyumbani, sanaa na ufundi. Shauri lilikuwa zuri. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana, wakachanga. Lakini randa na misumeno haikutosha, walimu wengi hawakufundishwa kazi hizo, na mtihani ukawa ndio bwana wa yote. Mtoto akajifunza majina ya sehemu za randa kwa moyo bila ya kupiga randa ubao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya namna hiyo yakapunguzwa, na karakana nyingine zikageuzwa stoo.

Sasa tuna Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufundishwa nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala huu wasema yale yale mazuri: mtoto atende, ajaribu, abuni. Sisi hatuupingi. Lakini Gredi ya 7 ilipoanzishwa Januari 2023, iliwekwa katika viwanja vya shule za msingi, na shule nyingi hazikuwa na maabara. Walimu wengi waliajiriwa kwa mkataba wa mafunzo, kwa ujira mdogo, nao ni walimu waliokwisha kuhitimu. Mwaka 2024 waligoma majuma kadhaa, na Januari 2025 walimu wapatao 46,000 wakapewa kazi ya kudumu. Huo ulikuwa ushindi wa walimu, na ni ushindi wa watoto pia. Mwalimu asiyejua kama mwezi ujao atakuwa na kazi hawezi kumpa mtoto muhula mzima wa kujaribu na kukosea. Atamwandikia majibu ubaoni, wamalize haraka.

Na nyumbani nako kuna jambo. Mtoto huleta agizo la kutengeneza kitu fulani. Mama amerudi saa mbili usiku kutoka kiwandani. Duka limefungwa, na kitu chatakiwa kesho. Mzazi hutengeneza mwenyewe usiku, au hulipa mtu amtengenezee, na mtoto hupeleka kazi safi isiyokuwa yake. Mwalimu huweka alama nzuri. Nani amejifunza hapo? Ni mzazi, naye hakuwa na usingizi.

TUFANYE NINI?

Sipendi kumaliza kwa malalamiko. Naleta mashauri matano.

1. Rafu ya vitu vya kujaribia. Kila shule ya jirani iwe na rafu ya nyaya, vipande vya mbao na vitambaa, redio mbovu, gurudumu la baiskeli, makopo na balbu. Wanachama wetu wa viwandani waombe masalio kwa ruhusa ya wenye kazi, wala wasiyachukue kwa siri. Betri zenye tindikali, vioo vilivyovunjika na kitu chochote kilichounganishwa na umeme wa nyumba visiwekwe.

2. Fundi aende darasani. Tuna mafundi wa umeme, washonaji, maseremala, makanika na mafundi wa jua kali wanaofanya kazi njiani hapa hadi Kitengela. Kila muhula fundi mmoja aende shule moja saa mbili tu, mwalimu akiwa ndiye kiongozi wa somo. Na watoto wapelekwe kuona jinsi watu wa Kitengela Glass wanavyofanya vioo vilivyotupwa kuwa vyombo na mapambo.

3. Agizo la shule litumie kitu kilichopo nyumbani, na lipewe siku za kutosha, pamoja na mwisho wa juma. Mzazi naye aahidi kutomfanyia mtoto. Kazi mbaya ya mtoto ni bora kuliko kazi nzuri ya baba yake.

4. Fedha za shule zijulikane. Kiwango cha Serikali kilichowekwa mwaka 2023 kwa mwanafunzi wa sekondari msingi kilikuwa shilingi 15,042 kwa mwaka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi wawakilishi katika bodi ya shule. Mwanachama akichaguliwa katika bodi asikae kimya. Aulize: Zimefika ngapi? Zimenunua vifaa gani vya sayansi? Kuuliza si ujinga, na wala si ugomvi.

5. Tusimame pamoja na walimu. Walimu waliunda chama chao cha KNUT mwaka 1957, na Tume ya TSC ikaanzishwa mwaka 1967 ili wawe na mwajiri mmoja. Wao wanajua maana ya umoja. Wakidai madarasa yenye watoto wachache na kazi ya kudumu, wasiachwe peke yao kana kwamba ni shauri la mishahara yao tu.

Tena lipo jambo moja lisilohitaji senti. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini ulimi wetu bado wachapa. Mtoto akijaribu kitu kikaharibika, tusimwambie "mjinga wewe." Tumwulize, "Umeona nini? Sasa utajaribu namna gani?" Swali hilo lina nguvu kuliko vitabu vingi vya marudio.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo mawili kabla hatujatawanyika. Kwanza, ichaguliwe kamati ndogo ya watu watano, walimu wawili na wafanya kazi watatu, ianze rafu ya kwanza katika shule moja ya jirani kabla ya mwisho wa muhula huu. Pili, katibu aandike barua kwa wawakilishi wetu wa kaunti na bunge kuuliza ni shule ngapi za Kajiado zenye Gredi ya 7 hadi ya 9 ambazo hazina maabara, na jibu lichapwe katika gazeti letu hili.

Mafundi walio tayari kwenda darasani waandike majina yao kwa katibu, pale mezani, pamoja na siku zao za mapumziko.

Umoja ni nguvu.