MAGAZETI NA KUKEKETWA KWA BINTI ZETU
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Leo sisemi juu ya mishahara. Nasema juu ya magazeti tunayosoma saa ya chakula, na juu ya binti zetu walioko nyumbani.

Kila Desemba, shule zikifungwa, magazeti huandika habari za kukeketwa kwa wasichana. Mara nyingi utaona picha ya wembe na jina la kabila kwa herufi kubwa. Januari ikifika, kimya. Msomaji wa kabila jingine husema, "Washenzi wale." Mwenye kabila huona ametukanwa, naye hushika mila kwa hasira.

Jambo hili si geni. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilikataza tohara ya wasichana. Amri ilitoka kwa wanaume, tena chini ya Serikali ya kikoloni. Wasichana wengi wakajikata wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana, maana yake "Nitajitahiri". Amri peke yake haikuwageuza.

Basi gazeti liandike nini? Liandike sheria. Tangu 2011 anayekeketa ana hatia, hata akiwa daktari au muuguzi. Anayemvusha msichana mpaka ili akakeketwe ana hatia. Na anayejua asitoe habari ana hatia. Kifungo si chini ya miaka 3, au faini si chini ya shilingi 200,000, au yote mawili. Liandike madhara: kutoka damu, vidonda, taabu wakati wa kuzaa. Liandike pia kwamba mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na mwaka 2022 walikuwa 15. Habari hiyo humtia moyo baba anayedhani amekataa peke yake.

Wala lisichapishe uso wa mtoto. Gazeti la leo kesho hufungiwa sukari, lakini aibu hubaki kwake.

Ndugu zangu, mwandishi akikosea tumwandikie barua. Nasi tusingoje Desemba. Fedha tunazotuma nyumbani ni jasho letu. Tuulize zinanunua nini. Zilipe karo, zisilipe kisu.