Uyoga ni Chakula Kizuri, Lakini Usiache Dawa Zako

Hotuba ya afisa wa lishe kwa vikundi vya wakulima wa uyoga



Mama mmoja alikuja kliniki ya kisukari na mkebe wa unga wa uyoga mwekundu uitwao reishi. Aliyemuuzia alimwambia akiunywa kwa miezi mitatu ataachana na tembe. Akaniuliza, "Daktari, niache?"

Swali lake si la kuchekwa. Uchina na Japani zimetumia uyoga kama dawa kwa karne nyingi. Ndani yake mna nyuzi ziitwazo beta-glukani, zinazochunguzwa kwa uwezo wake wa kuamsha kinga ya mwili. Japani iliidhinisha lentinani, dawa inayotokana na uyoga wa shitake. Lakini dawa hiyo ilidungwa kwa sindano hospitalini, na mgonjwa wa saratani aliipata pamoja na tiba yake ya kawaida, si badala yake.

Je, reishi na kisukari? Mwaka 2015 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyofanyiwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Hawakupata ushahidi kwamba reishi inashusha sukari, shinikizo la damu wala mafuta ya damu. Tena, kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Sasa tuje kwa uyoga mnaokuza wenyewe kwenye mifuko ya mabua. Huo una protini, nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini ya potasiamu, na mafuta yake ni machache. Ukiukatakata na kuuanika juani kabla ya kupika, unaongeza vitamini D. Kwa kuwa karibu asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji, huoza upesi. Ule usiouzwa, ukausheni.

Ombi langu kwenu wauzaji: msiandike kwenye pakiti kwamba uyoga wenu unatibu kisukari, presha au saratani. Uzeni chakula, na chakula hicho kinajitosheleza kwa sifa.

Kuhusu uyoga wa porini baada ya mvua: usiokote usioujua. Upo wenye sumu isiyoisha hata ukichemshwa. Mtu anaweza kukaa saa sita hadi 24 bila dalili, kisha akatapika na kuendesha. Baadaye huonekana amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Msingoje. Mkimbizeni hospitalini, na mbebe masalio ya uyoga huo.

Yule mama nilimjibu hivi: "Mama, tembe usiache. Uyoga kula, uweke kwenye sahani badala ya nyama ya mafuta. Na mkebe huu tumwonyeshe daktari kabla hujaugusa tena."

Nanyi pia, ukiwa na unga, majani au mizizi unayotumia nyumbani, mwambie mhudumu wa kliniki bila kuogopa. Hatutakugombeza. Tunataka tu kujua kila kinachoingia mwilini mwako.