Ushujaa Mbele ya Watu Wako

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Wete)



Sisi Wapemba tukitaja ushujaa wa viongozi, kwanza twataja jela. Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe, alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar tangu 1984; akaondolewa Januari 1988, akafukuzwa chamani mwaka huo huo, akakamatwa Mei 1989 na hakutoka hata Novemba 1991. Hayo kila mtoto wa hapa ayajua, hatutayarefusha.

Tunalotaka kulisema leo ni jingine, na pengine halitawapendeza wote.

Novemba 2009 Maalim Seif alikwenda Ikulu akaonana na Rais Amani Abeid Karume. Kumbukeni hali ilivyokuwa! Chama chake, CUF, kilikuwa kimekataa matokeo ya uchaguzi wa 2000, na ya 2005 pia. Tarehe 27 Januari 2001 risasi zililia hapa hapa Wete. Watu wakauawa, na wenzetu wapatao 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Jirani na jirani walikuwa hawazikani, hawanunui duka moja.

Basi siku chache baada ya kutoka Ikulu, alisimama Kibandamaiti, Unguja, mbele ya umati wa watu wake mwenyewe, akawaambia kuwa sasa wanamtambua Karume kuwa ni Rais. Wengi wakaghadhibika. Nasi, tuseme kweli, tulikuwa miongoni mwao. Yeye hakulirudisha neno lake.

Jela mtu hupelekwa, hakuulizwa. Kibandamaiti alikwenda kwa miguu yake, naye akijua watu watasema nini.

Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66 ya wapiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa Oktoba ukapita kwa amani. Mtihani haukwisha, maana 2015 uchaguzi ulifutwa. Lakini Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye machungu, alikubali tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Wakija wagombea kutuomba kura, twazoea kuwauliza wamemtolea nani maneno makali. Tuwaulize pia: ni siku gani mlitwambia sisi wenyewe neno tusilolipenda?

Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe. Tulioghadhibika 2009 nasi tulikuwamo katika kumlilia.