TUHESABU MITUNGI INAYOWAKA, SI ILIYOGAWIWA

*Maneno ya Mwenyekiti wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama. Mabalozi, tafadhali wasomeeni wasio na simu janja.*



Leo nina jambo moja tu, nalo ni la jikoni.

Msimamo wa Serikali yetu mnaujua. Tarehe 8 Mei 2024 Mheshimiwa Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Mitungi ya ruzuku imetolewa, na hapa kwetu imefika. Tumepiga picha, tumeshukuru.

Sasa niulize: ule wa kwanza ukiisha?

Nimepita kwenye nyumba zenu. Mtungi uko kwenye kona, umefunikwa kitambaa, juu yake redio. Nje jiko la mkaa linafuka, na mtoto yuko mgongoni anavuta moshi uleule. Mama huyu hajakataa gesi, msimseme. Mkaa anaununua kwa kopo, kwa hela ya leo. Gesi inamtaka atoe hela ya wiki kadhaa kwa mkupuo, naye riziki yake ni ya siku kwa siku.

Wenzetu wa India yamewakuta. Walianza mpango wao mwaka 2016, na kufikia 2019 walikuwa wameziunganishia gesi kaya maskini milioni 80. Kazi kubwa sana. Lakini nyingi zilikuwa zikijaza mara chache tu kwa mwaka, kisha zinarudi kwenye kuni. Mwaka 2022 serikali yao ikaweka ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa. Yaani walikuja kuona kwamba kazi iko kwenye kujaza. Hoja hiyo nataka tawi letu liipeleke kwenye kata: ruzuku isiishie kwenye mtungi wa kwanza. Kusema hivi si kuipinga Serikali, ni kuisaidia ifike 2034.

Na sisi tuanze na tunaloweza. Vikundi vya kuweka na kukopa vifungue mfuko wa gesi. Hela ya kopo moja la mkaa iwekwe kila siku, na mtungi ukiisha mtu achukue chake akajaze. Jumlisheni wenyewe makopo ya mwezi mmoja muone yanafika wapi. Dukani, dai mtungi upimwe kwenye mizani mbele yako. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi wala kiberiti.

Maharage najua yanawatisha, mnasema yanamaliza gesi. Yaloweke usiku. Mwenye umeme afikirie jiko la presha la umeme, maana nusu kilo ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Wengi hawaamini mpaka waone, kwa hiyo mwenye nalo alilete tupike hapahapa ofisini.

Neno kuhusu wauza mkaa. Ni wanachama wetu, kadi wanazo, wanasomesha kwa mkaa huohuo. Sitaki kusikia wanaitwa maadui wa mazingira kwenye kundi hili. Tukitafuta wakala wa gesi mtaani, tuanze na wao.

Mabalozi, kikao kijacho nataka idadi mbili kutoka kila shina: kaya zenye mtungi, na kaya zilizojaza mwezi huu. Msiipambe. Shina likiwa na mitungi kumi na aliyejaza ni mmoja, andikeni mmoja. Katibu atapokea mpaka Jumamosi jioni.