Karatasi ya kodi ya nyumba: tusinung'unike barazani, tuandike

Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama, Kasindi

Hatutawachelewesha, tunajua wengine wanangojewa sokoni na wengine shambani.

Wakati watu walianza kurudi, wengine toka Bwera na Mpondwe ng'ambo ya Lubiriha, wengine toka Beni na Butembo, maswali yenu kwetu yalikuwa manjanja, chakula na masomo ya watoto. Siku hizi iko swali lingine: "Nimekuta karatasi ya kodi ya nyumba, makuta ni mingi, nifanye nini?" Leo tuongee hiyo tu.

Tuanze na mama mmoja wa hapa kati yetu, yeye mwenyewe ameturuhusu tuseme. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne. Viwili viliungua wakati alikuwa amekimbia, kuta tu zimebaki. Karatasi aliyopewa ilihesabu nyumba nzima, na juu yake vibanda viwili vya duka ambavyo ni vya jirani. Mama alikuwa tayari kuuza mbuzi wake alipe. Watu walimwambia: "Nyamaza, ukilalamika watakunyang'anya parseli." Hii woga ndiyo inatuumiza kuliko kodi yenyewe.

Sasa tujue sheria inasema nini. Kodi ya nyumba na kiwanja, ile tunazoea kuita "impôt foncier", msingi wake ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Tangu Katiba ya 2006, kodi hii ni ya provense. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawajui: haihesabiwi kwa bei ambayo nyumba ingeuzwa. Inaangaliwa ukubwa, aina ya jengo, na daraja la mahali ilipo. Tena wanaangalia hali ilivyokuwa tarehe 1 Januari ya ule mwaka. Kwa hiyo ukienda kusema "mimi ni maskini, hii ni mingi", umesema ukweli, lakini haujamjibu yule mwenye kuhesabu. Mjibu kwa vipimo.

Ukipata karatasi, usiipasue, usiifiche chini ya godoro. Keti na mtoto anayesoma Kifaransa, muangalie mambo manne. Jina ni lako kweli? Avenyu na namba ya parseli ni zako? Vipimo na aina ya nyumba ni sawa na ile iliyosimama leo? Ni kodi ya mwaka gani? Kisha andika pembeni tarehe uliyoipokea, sababu siku za kulalamika zina mwisho, na zinahesabiwa kutoka hapo. Usingoje hadi mavuno.

Halafu pima mwenyewe. Kamba ya kupimia tunayo, tutaiacha kwa sekretari wa mutualité. Piga picha ya sehemu iliyoungua. Omba chef wa avenyu akuandikie kwamba ulikuwa umekimbia na nyumba iliharibika, na majirani wawili watie sahihi.

Barua iwe fupi. Jina, mahali unakaa, namba ya ile karatasi, kosa ni wapi, unaomba nini. "Nyumba yangu ina mita hizi, si zile. Naomba mje kupima tena." Bila matusi, bila kilio. Sheria ya utaratibu wa kodi, ya tarehe 13 Machi 2003, inataka lalamiko liwe la maandishi. Maneno uliyomwambia ajenti mlangoni hayahesabiki. Fanya kopi mbili: moja ibaki ofisini, nyingine wapige muhuri na tarehe, urudi nayo. Ukirudi bila muhuri, ni kama haukwenda. Wakikataa, njia inaendelea mpaka mahakama ya rufaa, lakini hapo utahitaji avoka, na sisi si avoka. Tutakuelekeza tu.

Wazee wenye kupita miaka 55, na mama wajane: sheria ya 1969 inafungua mlango wa kusamehewa kodi ya nyumba unayokaa wewe mwenyewe, kama masharti yametimia. Lakini hakuna atakayekuja kukutafuta akusamehe. Lazima ujitangaze kwa ofisi, na mwisho wa kujitangaza kila mwaka ni tarehe 1 Februari.

Onyo mbili. Ya kwanza: makuta usimpe mtu mkononi barabarani. Uliza inalipwa benki gani, chunga resu. Ya pili: kulipa kodi hakukufanyi mwenye nyumba. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, uthibitisho ni "certificat d'enregistrement". Ukikuta mtu mwingine alilipa kodi ya parseli yako wakati haukuwepo, usitetemeke, lakini pia usilale. Njoo na papiye zote ulizonazo, hata ile iliyoungua nusu.

Na yule mama? Walikuja kupima tena. Vibanda vya jirani viliondolewa, na vyumba vilivyoungua pia. Ombi lake la kusamehewa miaka ya ukimbizi lilikataliwa, hatutawadanganya. Alilipa kilichobaki, akauza mbuzi mmoja badala ya wote. Hakuna aliyegusa parseli yake.

Hatujasema msilipe. Barabara na shule tunazitaka, na sehemu ambayo ni ya haki ilipwe. Ila mtu aliyerudi na mzigo kichwani asilipie ukuta ulioungua kwa sababu tu aliogopa kuandika barua ya mistari kumi.

Kila Alhamisi baada ya soko tutakuwa hapa na kalamu. Njoo na karatasi yako.