Mawindo Hai kwa Chatu wa Kufugwa: Wajibu wa Mfugaji kwa Nyoka na kwa Panya

Utangulizi

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye wataalamu humwita Python regius, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa wingi majumbani Ulaya na Marekani. Kwa miongo kadhaa Ghana, Togo na Benin zimewauza nje kwa maelfu, na wengine wengi huzaliwa huko huko ughaibuni. Akiwa kifungoni chakula chake ni panya. Mada hii inajadili swali moja: panya huyo atiwe ndani ya tangi la nyoka akiwa hai, au akiwa amekwisha kufa? Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba awe amekufa, na kwamba anayetaka kufanya vinginevyo ndiye anayepaswa kutoa sababu.

Hoja ya porini

Watetezi wa mawindo hai husema kuwa chatu ameumbwa kuwinda, na kwamba porini hakuna anayempelekea nyama ya barafu. Ni kweli. Lakini porini panya naye ana shimo, ana vichaka, ana giza, na mara nyingi huponyoka. Ndani ya tangi la kioo hana pa kukimbilia. Aliyemweka humo ni binadamu, kwa saa aliyoichagua mwenyewe. Kwa hiyo maumivu ya panya huyo hayawezi kuandikwa kwa jina la maumbile.

Wengine hudai kifo chenyewe ni cha haraka. Mwaka 2015 Scott Boback na wenzake wa Dickinson College, Pennsylvania, walipima shinikizo la damu la panya waliokabwa na nyoka aina ya boa. Katika sekunde chache shinikizo ndani ya ateri lilishuka kwa takriban nusu, ishara kwamba nyoka huzuia mzunguko wa damu na si pumzi peke yake. Panya wale, hata hivyo, walikuwa wamepewa dawa ya usingizi. Jaribio lilipima damu, halikupima hofu.

Tena, si kila nyoka hukaba papo hapo. Asiye na njaa, au anayekaribia kujivua gamba, humwacha panya azunguke tangini kwa saa nyingi. Hapo hatari hugeuka: panya huanza kumtafuna nyoka. Madaktari wa wanyama hutibu vidonda vya aina hii, vingine vikiwa vimefika kwenye misuli na hata mfupa. Anayempenda nyoka wake, basi, ana sababu ile ile aliyonayo anayemhurumia panya.

Je, nyoka hukosa kitu?

Chatu ana vishimo vya kuhisi joto kwenye midomo. Panya aliyegandishwa akayeyushwa kwenye jokofu usiku kucha, akapashwa kwa maji ya moto hadi joto la mwili, kisha akachezeshwa kwa kibano kirefu, hupokelewa na nyoka wengi kama windo la kawaida. Humrukia, humzungushia mwili na kumkaba. Mwaka 2012 kundi hilo hilo la Boback liliwapa boa panya waliokufa, baadhi wakiwa na moyo wa bandia unaodunda. Nyoka waliwakaba wote, ila wenye moyo unaodunda walikabwa kwa muda mrefu zaidi. Tabia ya kuwinda haihitaji panya anayeteseka ili ijitokeze.

Ugumu hutokea chatu huyu anaposusa, naye ni hodari wa kususa kwa wiki, pengine miezi. Mfugaji huingiwa na hofu, akakimbilia panya hai. Kabla ya hapo, inafaa apime uzito wa nyoka, akague joto la tangi, na aone kama kuna mahali pa kujificha. Chatu mzima mwenye afya, ambaye uzito wake haupungui, hafi kwa kukosa milo michache.

Sheria zinavyosema

Kanuni za Uswisi za mwaka 2008 zinaruhusu mawindo hai kwa masharti machache tu: kwa mfano, pale mnyama asipoweza kulishwa kwa njia nyingine, au anapoandaliwa kurudishwa porini. Uingereza, kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, inakataza kumsababishia mateso yasiyo ya lazima mnyama mwenye uti wa mgongo aliye mikononi mwa binadamu. Panya aliyenunuliwa dukani yumo humo, sawa na nyoka.

Kinyonga na nyenje

Kuna mahali ambapo ulazima ni wa kweli. Kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, ambaye biashara ya wanyama vipenzi ilimfikisha Hawaii mwaka 1972, huurusha ulimi wake kwa kinachosogea. Nyenje mfu humpita tu. Kuhusu maumivu ya wadudu wanasayansi bado wanajadiliana. Sheria ya Uingereza ya 2022 iliwatambua pweza na kaa kuwa viumbe wenye hisia, ikawaacha wadudu nje. Hata hivyo nyenje anastahili chakula, maji na nafasi hadi saa ya kuliwa.

Mapendekezo

1. Wafugaji wa nyoka wawazoeze tangu wachanga kula panya waliokufa.

2. Wauzaji wa panya waliogandishwa waeleze waliwauaje. Hewa ya kaboni dioksidi huwatia panya taharuki, na vichanga huistahimili kwa muda mrefu. Anayenunua ana haki ya kujua.

3. Windo hai litolewe tu baada ya daktari wa wanyama kuthibitisha kuwa njia nyingine zimeshindwa. Mfugaji akae hapo hapo, na panya aondolewe asipoliwa katika dakika chache.

4. Maduka yamweleze mnunuzi, kabla hajalipa, nyoka anayemtaka atakula nini kwa miaka ishirini au zaidi ya maisha yake.